Mafunzo Niliyopata Nikifundisha "Endelea" kwa Kiingereza

Kiswahili kimetupa kitenzi kimoja chenye kazi nyingi: kuendelea. Mvua inaendelea, kesi inaendelea, nchi inaendelea, mtihani unaendelea, mgonjwa anaendelea vizuri, na msimulizi akikatizwa katikati ya hadithi tunamwambia, "Endelea, tunakusikiliza." Mtu huyo huyo akihamia kwenye Kiingereza hukuta kundi zima la maneno yanayogombea nafasi hiyo moja: continue, go on, carry on, keep on, keep going, proceed, resume, persist, persevere. Kamusi ndogo ya mfukoni humpa yote hayo kwa tafsiri ileile, kisha humwacha achague mwenyewe.

Nimefundisha Kiingereza sekondari kwa miaka mingi, na jioni husomesha watu wazima hapa Dar es Salaam: wauguzi, makarani, vijana wa bandarini, akina mama wanaofuata bidhaa Dubai na Guangzhou. Hutafsiri nyaraka pia. Katika kazi zote hizo, suala la "endelea" limenirudia mara nyingi kuliko hata suala la nyakati za vitenzi, na limenifikisha kwenye msimamo mmoja. Ukitaka kuchagua neno la Kiingereza, tazama kilichotangulia kabla ya huko kuendelea. Kulikuwa na kikwazo? Kulikuwa na mapumziko? Kuna ruhusa iliyokuwa ikisubiriwa? Kuna mtu alikereka? Ukishalijibu hilo, neno linajitokeza lenyewe. Mafunzo yafuatayo yote yametokana na msimamo huo.

1. Pima maneno yote kwa mbio za Akhwari

Darasani natumia kisa ambacho kila Mtanzania anastahili kukijua. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, mwanariadha wetu John Stephen Akhwari alianguka njiani na goti likaumia vibaya. Alifungwa bandeji, akarudi barabarani. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda mbio hizo kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, watazamaji wengi wameshaondoka, akichechemea na mguu wake uliofungwa, akawa wa mwisho kati ya wote waliomaliza.

Kwa Kiswahili twasema: aliumia, akaendelea. Tumemaliza, na msikilizaji ameelewa. Sasa lete Kiingereza.

"He continued the race" ni sentensi safi, na mwamuzi angeweza kuiandika kwenye ripoti yake. Inaeleza kwamba jambo halikuishia pale. Haina maumivu ndani yake. "He resumed the race" inamtazama Akhwari tangu pale alipokuwa akifungwa bandeji: alisimama, kisha akaanza tena. "He carried on" inaelekeza macho kwenye goti. Inakiri kwamba sababu ya kuacha ilikuwepo, tena nzito, naye hakuacha. "He kept going" inatazama miguu, hatua baada ya hatua. "He persevered" inamsifu yeye mwenyewe, moyo wake na subira yake. "He went on to finish" inairuka njia yote na kutua kwenye mstari wa mwisho. Ama "He proceeded to finish", hiyo naikataa kabisa katika kisa hiki, kwa sababu inamchora mtu aliyemaliza jambo moja kwa utulivu akahamia la pili, kana kwamba goti halikuwa likimuuma.

Sentensi zote hizo zinapita mtihani wa sarufi, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza "Mwalimu, lipi sahihi?" hapati jibu. Nimeona wanaobadilisha swali na kuuliza "Mwalimu, nataka msomaji aone goti au aone mstari wa mwisho?" wakipiga hatua haraka kuliko wenzao. Kila mwaka narudia zoezi hili, na kila mwaka kuna mtu anayegombania neno lake kwa hoja nzito. Mama mmoja muuza vitenge alishikilia "kept going" kwa hoja kwamba ushujaa wa Akhwari haukuwa katika kumaliza, ulikuwa katika kila hatua aliyopiga. Sikuwa na la kumpinga.

2. Mgonjwa "anaendelea vizuri" bila continue

Kati ya wanafunzi wangu wa jioni alikuwepo muuguzi aliyekuwa akijiandaa kufanya mtihani wa Kiingereza ili akafanye kazi ng'ambo. Wodini, kila siku ndugu humpigia simu: "Dada, samahani, mgonjwa wetu anaendeleaje?" Naye hujibu, "Anaendelea vizuri, mama, ondoa wasiwasi." Kwenye daftari lake aliandika: "The patient is continuing well."

Mwingereza atakisia maana, lakini hatasema hivyo hata siku moja. Kitenzi chetu kinatokana na "enda". Kuendelea ni kwenda na kusogea mbele, ndiyo maana kikazaa "maendeleo". Continue kilitoka Kilatini kikapitia Kifaransa, na kiini chake ni kushikamana, kutokatika. Hakina ndani yake kusogea wala kupata nafuu. Ugonjwa nao unaweza kucontinue. Kwa hiyo mgonjwa wa muuguzi yule ana maneno mengine kabisa, na kila moja lina habari yake.

"She is doing well" inaeleza kwamba hali yake ni nzuri. "She is getting better" inalinganisha leo na jana. "She is recovering" inathibitisha kwamba yuko kwenye njia ya kupona. "She is making good progress" ni kauli ya daktari aliyeangalia vipimo na kuridhika. Halafu kuna "She is stable", ambayo ndugu wengi huipokea kwa furaha wakidhani ni kupona, kumbe maana yake ni kwamba hali haijabadilika, haipandi wala haishuki. Mtu aliye mahututi naye anaweza kuwa stable. Muuguzi anayezichanganya kauli hizi anawapa ndugu matumaini yasiyokuwepo au hofu isiyo na sababu. Hapa uchaguzi wa maneno unagusa nyumba za watu, na ndiyo maana sioni aibu kutumia somo zima juu ya sentensi moja.

Kanuni hiyo hiyo inahusu barua za wanafunzi. "Naendelea vizuri na masomo" ni "My studies are going well." "Naendelea na masomo", bila "vizuri", ndipo continue inapoingia: "I am continuing my studies." Na "bado anaendelea kuumwa" mara nyingi inatoshelezwa na neno dogo tu: "She is still ill." Watu wengi hulisahau still kwa sababu si kitenzi, wakati lenyewe linabeba nusu ya kazi za "endelea".

3. Maathai aliendelea kupanda miti, Maathai akaja kushinda Nobel

Go on ina mikia miwili, na mkia ndio unaoamua maana.

Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977. Mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Nobel ya Amani. Ukiandika "She went on to win the Nobel Peace Prize", umeeleza hatua iliyofuata maishani mwake: alifanya haya, hatimaye akafika kule. Ukiandika "She went on planting trees", umeeleza kwamba kazi aliyokuwa akiifanya hakuiacha. Zigeuze uone hatari. "She went on winning the Nobel Peace Prize" ni kusema alikuwa akiipata mfululizo. "She went on to plant trees" ni kusema miti ilikuja baadaye, baada ya jambo jingine, na hapo umeipindua historia yake.

Watafsiri wa wasifu, shikeni hili. Sentensi ya Kiswahili husema, "Alisoma Makerere, akaendelea na masomo Edinburgh." Mwalimu Nyerere ndivyo alivyofanya, na kati ya vyuo hivyo viwili alifundisha Tabora. "He went on to Edinburgh" inafaa, kwa kuwa Edinburgh ilikuwa ngazi iliyofuata. "He resumed his studies at Edinburgh" nayo inafaa ukitaka ile miaka ya kufundisha ionekane kama mapumziko ya masomo. "He continued to Edinburgh" inamfanya Mwalimu abiria aliyekuwa njiani tayari.

Nikumbushe pia "Life goes on". Usimwambie mfiwa maneno hayo, hata kama kwetu "maisha lazima yaendelee" husemwa kwa huruma baada ya muda kupita. Kwa Kiingereza, msibani, husikika kama kumharakisha mtu amsahau marehemu wake.

4. Keep unaijua tangu kwenye kipilefti

Madereva wetu waliuchukua ule mzunguko wa barabara wakauita kipilefti, kwa sababu kibao kilisema "keep left", yaani baki kushoto, usihame. Hiyo ndiyo keep: kushika kitu usikiachie. Ukiijua kipilefti, una nusu ya kitenzi hiki.

"He kept calling me" maana yake alinipigia tena na tena. Kati ya simu moja na nyingine kulikuwa na nafasi, lakini mtu hakuchoka. Kwa vitendo vinavyojirudia kwa vipindi, keep inafaa kuliko continue. "The baby kept waking up", mtoto alikuwa akiamka kila mara. Ukisema "The baby continued waking up", sentensi inakwama kidogo, kama mtoto yuko katikati ya kuamka na hajamaliza.

Ongeza on, na hasira au msisitizo vinaingia. "He kept on calling" husemwa na mtu aliyechoka na hizo simu. Angalia pia mpangilio: "He kept me waiting" ni yeye aliyenisubirisha mimi. Kosa la kusema "He kept waiting me" nalisikia kila muhula.

Walimu wenzangu hupenda kuandika "Keep it up" kwenye ripoti za wanafunzi, na hapo wako sawa. Ni pongezi yenye agizo la kutolegea. Lakini "Keep up" peke yake ni kwenda sambamba na wenzako: "He cannot keep up with the class" ni mwanafunzi anayeachwa nyuma. Na "Keep that up and you will be sent home" ni tishio. Maneno ni yaleyale, na mzazi asiyejua anaweza kusherehekea onyo.

5. Persist ina lawama ndani yake

Soma pakiti ya dawa ya maumivu au ya kikohozi: dalili zikiendelea, muone daktari. Kiingereza chake ni "If symptoms persist, see your doctor." Kwa nini isiwe continue? Kwa sababu dawa ilitolewa ili dalili ziondoke, nazo zimegoma. Persist ni kuendelea kwa kitu kilichotakiwa kuisha. Homa, uvumi, umaskini, harufu, tetesi, vyote hivyo hupersist.

Kwa mtu, persist in ni kung'ang'ania baada ya kukatazwa, na anayeitumia huwa upande wa waliokataza. Mfano mzuri ulitoka Seneti ya Marekani tarehe 7 Februari 2017. Seneta Elizabeth Warren alikuwa akisoma barua ya Coretta Scott King kupinga uteuzi wa Jeff Sessions kuwa Mwanasheria Mkuu. Alizuiwa kuendelea. Kiongozi wa walio wengi, Mitch McConnell, akaeleza kwamba seneta huyo alionywa, akapewa maelezo, kisha akamalizia: "Nevertheless, she persisted." Alikusudia lawama. Wanawake wengi waliichukua kauli ile, wakaichapa kwenye fulana na mabango kama sifa. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu kila aliyelisikia neno lile alijua lina makali. Walilinyakua mkononi mwa aliyelishika na kuligeuza.

Wewe unayeandika barua ya kuomba kazi huna nafasi ya kueleza yote hayo. Ukitaka kujisifu kwamba hukukata tamaa, andika "I persevered". Hilo linataja ugumu na kumsifu aliyeuvumilia. "I persisted in asking my supervisor" itamfanya mwajiri amwonee huruma msimamizi wako wa zamani.

6. Resume inadai mapumziko

Hakuna mapumziko, hakuna resume. Kikao kilichoahirishwa hadi saa kumi jioni huresume saa kumi. Mtumishi anayerudi kutoka likizo huresume kazi, na fomu za ofisini za kuripoti kurudi kazini zimejaa neno hilo. Mvua iliyonyesha usiku kucha bila kukatika hairesume.

Kwenye simu iliyowekwa lugha ya Kiswahili, unaweza kukuta kitufe "Endelea" mahali ambapo Kiingereza kingeandika Continue, na tena mahali ambapo kingeandika Resume. Mtafsiri wa programu akiweka "Endelea kutazama" kwa filamu iliyosimamishwa na "Endelea" kwa hatua inayofuata, amemsaidia mtumiaji bila gharama yoyote.

7. Proceed na go ahead zinasubiri ruhusa

Proceed ilitoka kwenye maneno ya Kilatini ya kwenda mbele, na imebaki na sauti ya ofisi. Huitumia mwenye mamlaka: hakimu anayetaka usikilizwaji uendelee, sauti ya uwanja wa ndege inayowataka abiria waende lango fulani, bosi anayemruhusu mtumishi kwa "proceed on leave", kauli ambayo ofisi za Afrika Mashariki hazijaiacha tangu enzi za mkoloni. Jirani anayekuambia "Proceed to the kitchen" nyumbani kwake anakukaribisha kwa lugha ya mahakama.

Proceed with ni kuendelea na jambo lililokwisha kupangwa au kuidhinishwa: "We will proceed with the project." Ni jibu la swali ambalo lilikuwa mezani, tuendelee au tusiendelee. Kwa kazi ambayo haikuwahi kutiliwa shaka, hakuna haja ya neno hilo.

Go ahead ni ruhusa pia, ila ya mdomoni zaidi. Mtu anauliza kama aweza kukaa; unamjibu "Go ahead." Na hapa kuna funzo lililonishangaza nilipolisoma, nami hulirudia kwa kila kijana anayetaka kazi za uwanja wa ndege. Katika mawasiliano ya redio kati ya rubani na mnara, "go ahead" ina maana ya "sema, nakusikiliza". Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linaonya kwamba isitumike pale ambapo rubani anaweza kuielewa kuwa ameruhusiwa kusogeza ndege. Uingereza imeamua kutumia "pass your message" badala yake. Rubani husikia "endelea", akajiuliza: niendelee kusema, au niendelee kwenda?

Hofu hiyo ina msingi. Tarehe 27 Machi 1977, huko Tenerife, ndege mbili za Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana uwanjani na watu 583 wakafa. Maneno yaliyobishaniwa siku ile yalikuwa mengine, yalihusu kuruka, lakini kutoelewana redioni kulikuwa miongoni mwa sababu, na tangu hapo usafiri wa anga umekuwa mkali mno juu ya neno gani laweza kusikika kama ruhusa. Mwanafunzi akiniambia kwamba tofauti hizi ni urembo tu wa lugha, humpa habari hii kisha namwachia afikiri.

8. Carry on ina historia ya Waingereza

Afisa wa jeshi la Uingereza akiingia chumbani, askari husimama. Akisema "Carry on", wanarudi kwenye walichokuwa wakikifanya. Filamu ya vichekesho ya mwaka 1958, Carry On Sergeant, ilichukua jina lake kwenye amri hiyo na kuzaa mfululizo mrefu wa filamu nyingine.

Kabla ya hapo, mwaka 1939, vita vikikaribia, Wizara ya Habari ya Uingereza ilitayarisha bango la "Keep Calm and Carry On", likachapishwa nakala zipatazo milioni 2.45. Wengi hudhani liliwatia moyo wakazi wa London wakati mabomu yakianguka. Ukweli ni kwamba liliwekwa akiba, halikusambazwa kwa umma, na nakala nyingi zilirudishwa kiwandani kufanywa karatasi upya. Mwaka 2000 nakala moja ilipatikana katika duka la vitabu vya mtumba la Barter Books, mjini Alnwick, na kutoka hapo likaenea duniani kwenye vikombe, fulana na kava za simu. Naamini lisingepata umaarufu huo kama lingeandikwa "Keep Calm and Continue". Carry on inakubali kwamba kuna jambo baya limetokea, na ndani yake mna uvumilivu wa watu wa kawaida wanaorudi kazini asubuhi.

Wamarekani hulitumia kidogo kuliko Waingereza. Wao husema zaidi "keep going" na "go on", na carry-on kwao kwanza ni begi la kuingia nalo ndani ya ndege.

Jihadhari na carry on with. "He carried on with his work" ni mchapakazi. "He is carrying on with his secretary" ni mtu mwenye mahusiano ya siri na katibu wake. Karani aliyetaka kuandika kwamba meneja bado anafanya kazi na katibu yuleyule anaweza kuanzisha kesi. Kwa watu, andika "He is still working with her."

9. Kibao cha mtihani

"Kimya! Mtihani unaendelea." Kwa Kiingereza ni "Silence! Examination in progress." Kibao cha mlangoni cha mkutano unaoendelea ni "Meeting in progress." Ujenzi unaoendelea ni "ongoing construction". Kilichopo ni kitu kinachofanyika sasa hivi, hakijakatizwa na hakuna aliyetaka kukikatiza, kwa hiyo continue haina kazi hapo. Na hadithi ya gazetini iliyoandikwa "Itaendelea" ni "To be continued". Hayo ni ya kukariri tu.

10. Rudi kwenye Kiswahili chako kwanza

Hili nimelipata baadaye kuliko mengine, na ndilo ninalolithamini zaidi. Kwa muda mrefu nilisikia watu wakilalamika kwamba Kiswahili kina "endelea" tu, na Kiingereza kina utajiri. Malalamiko hayo ni ya mtu ambaye hajaufungua mkoba wake mwenyewe. Tuna kufululiza, kwa kitu kisichokatika. Tuna kuzidi, kwa kitu kinachoendelea huku kikiongezeka. Tuna kudumu, kushikilia, kung'ang'ania, kuvumilia, kurejea, kusonga mbele, kuendeleza. Tuna hata namna ya kusema bila neno lolote kati ya hayo: "Alikuwa akipiga, akipiga, akipiga."

Mwanafunzi akiniletea "aliendelea kuomba", simjibu kwa Kiingereza. Namuuliza: alifululiza, alizidi, aling'ang'ania, au alirejea kuomba baada ya kunyamaza? Akijibu "aling'ang'ania", persist au keep on imeshafika. Akijibu "alirejea", resume imefika. Akijibu "alivumilia", persevere. Anachagua kwanza katika lugha anayoota nayo, ambako hisia zake hazikosei, halafu Kiingereza kinafuata. Wanaotoka kwenye nyumba zinazozungumza Kiswahili kipana, mara nyingi nyumba zenye bibi na babu, hulifanya zoezi hili kwa wepesi unaonifurahisha.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wenzangu wa Kiingereza ni dogo na linawezekana kesho asubuhi. Tuache kuandika ubaoni "continue = endelea". Tuandike sentensi nzima ya Kiswahili yenye mtu, kikwazo na sababu, tuwaulize wanafunzi ni kipi kilichotangulia, halafu ndipo tuwape chaki wachague neno. Na wazazi mnaosaidia watoto kazi za nyumbani, msione haya kufanya zoezi hilo kwa Kiswahili. Mnawafundisha Kiingereza tayari.